Nani Mwenye Upepo

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ambayo walioiona bado wanakwenda sokoni kwa miguu yao wenyewe, palikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya wanawake mjini Singida. Sogeeni karibu, na masikio yenu myafungue yote mawili, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, nami jibu lake sina.

Timu iliitwa Upepo. Anayeijua Singida anajua kwamba kule upepo hauombi ruhusa. Uwanja wa timu haukuwa na paa. Ulikuwa chini ya majabali, na mpira ukirushwa kutoka mbali uliweza kupeperuka kama kofia ya mtu asiye na bahati. Timu za Dar es Salaam na Arusha zikija zilinung'unika. Wasichana wa Upepo hawakunung'unika. Walishajifunza kwamba upepo wa mashariki ukivuma, mchezaji anaulenga mpira nje ya ringi, halafu anauacha urudi wenyewe. Basi walishinda. Wakapanda daraja, wakaingia ligi ya kulipwa, wakapewa mikataba. Wasichana waliokuwa wakiitwa twiga shuleni wakawa wanasimamishwa njiani na watu wanaotaka kupiga nao picha.

Nahodha wao aliitwa Eliwaza Msengi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye maneno machache, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kumwambia kwamba muda si mrefu. Hadithi hii ni ya watu kadhaa, lakini aliyeibeba ni huyu.

Upepo ilianzishwa na watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Jonas Kiula, mwenye kinu cha kukamua alizeti. Yeye ndiye aliyeisajili timu, akanunua mipira na jezi, akatoa basi. Mvua zilipokosekana na alizeti ikawa haba, aliuza malori yake moja baada ya jingine, ili timu isikose safari hata moja.

Wa pili alikuwa Mwalimu Zebida Mkumbo, kocha. Aliacha kazi ya kufundisha sekondari, watu wakamwona amerukwa na akili. Alizunguka kwa pikipiki, Ilongero, Mgori, Ikungi, akitafuta wasichana warefu. Kwa kila msichana aliyempata ilimbidi akae na baba yake, anywe togwa, aeleze tena na tena kwamba mchezo ule si uhuni. Eliwaza mwenyewe alipatikana hivyo, akiwa na miaka kumi na mitano, siku tatu kabla posa yake haijapokelewa. Baba yake alikataa asubuhi, akakataa mchana, na jua lilipoanza kushuka akachoka kukataa.

Wa tatu alikuwa mjane mmoja, Mama Siwema. Mumewe alimwachia kiwanja kikubwa ubavuni mwa nyumba yao. Binti yake wa pekee, Siwema, alipochaguliwa na Mwalimu Zebida, mama yule aliuliza kwa nini watoto waanguke kwenye changarawe za shule ilhali yeye ana ardhi imelala tu. Akaitoa. Aliitoa kwa neno la mdomo, bila karatasi, na kwake yeye neno la mdomo lilikuwa zito kuliko karatasi.

Siku ya kusajili, watatu hao walikaa kwenye baraza ya kinu wakaandika katiba ya timu. Ilikuwa ukurasa mmoja. Waliandika kwamba Upepo ni mali yao wote watatu. Mzee Kiula akauliza, na tukikosana? Wakacheka, kwa sababu siku ile hakuna aliyeweza kuona wangekosana kwa lipi. Zebida akaandika chini kabisa: wakikosana, nahodha wa wachezaji ndiye atakayesema timu ni ya nani, na akishasema imekwisha. Wakatia sahihi huku wanacheka. Wasikilizaji wangu, mtu anapoandika huku anacheka, karatasi haicheki naye.

Miaka saba ilipita ya furaha. Sina mengi ya kusema juu yake. Furaha haina habari ndefu.

Mwaka wa nane, timu ilikuwa inakwenda Mwanza kucheza. Asubuhi ya safari Siwema aliamka na homa, na mama yake akamwambia alale. Mchezaji mwingine wa nafasi yake alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Mwalimu Zebida alijaribu kuomba mechi isogezwe, halafu akaona aibu, akaacha. Akamtuma nahodha.

Eliwaza alikwenda, akapiga hodi, akaamkia. Aliomba kwa adabu. Mama Siwema alisita, akamwangalia binti yake, ambaye naye alishaanza kutafuta viatu. Ndipo Eliwaza akasema, "Nipe Siwema, mama. Nitamrudisha mimi mwenyewe, mpaka hapa mlangoni."

Mama akampa.

Breki za basi la Mzee Kiula, ambalo lilikuwa limezeeka na kila mtu alijua limezeeka, zilikataa kwenye mteremko wa Sekenke. Walioumia walikuwa wengi. Aliyekufa alikuwa mmoja. Na Eliwaza, mkono wake ukiwa umefungwa plasta, aliitimiza ahadi yake: gari lililoleta jeneza lilipofika, alishuka wa kwanza, akasimama pale pale mlangoni alipokuwa amesimama juzi yake.

Mama Siwema hakumlaumu. Hakumlaumu siku ile, wala siku ya arobaini, wala baadaye. Walipokutana alimwitikia salamu na kumuuliza habari za mkono. Eliwaza angetoa chochote asikie hata neno moja la ukali, apate mahali pa kuweka kile alichokuwa amekibeba. Neno hilo halikuja.

Uwanja nao haukufungwa. Mama Siwema aliendelea kuufagia. Kila siku, kabla ya mazoezi, alitoka na ufagio wake, akaondoa mchanga ulioletwa na upepo, akaanzia chini ya ringi moja hadi chini ya ringi nyingine. Watu walimwona wakasema, tazameni moyo wa mama huyu, mchezo umemchukulia mtoto na bado anaupenda. Eliwaza naye alisema hivyo, na kila aliposema alihisi nafuu kidogo.

Wahenga walitwambia, mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka miwili baada ya msiba, kinu cha Mzee Kiula kilinyamaza. Mashine ziliuzwa. Sukari ilimshika mzee, ikamla mguu mmoja, na daktari akawa anautazama wa pili. Ndipo kampuni moja ya Dar es Salaam ikaja na maneno matamu: inaitaka Upepo, pamoja na nafasi yake kwenye ligi na wachezaji wake wote. Timu itahamia Dar, itacheza ndani ya ukumbi wenye paa, itabadilishwa jina. Mzee Kiula aliwasikiliza siku mbili. Siku ya tatu akakubali.

Mwalimu Zebida aliipata habari kwa mchezaji aliyeipata kwa dereva. Alikwenda kinuni, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema kwamba mtu hauzi asichokizaa. Mzee akamjibu kwamba hata aliyezaa humpeleka mwanawe hospitali akiona anakufa. Tangu siku hiyo hawakusemezana ila kwa barua. Mzee aliandikia ligi: mwenye timu ni mimi, nimeisajili mimi. Mwalimu akaandika: mwenye timu ni mimi, nimeilea mimi. Na wakati ligi ikijiuliza ifanye nini na barua mbili, ikafika ya tatu, fupi, imeandikwa kwa mkono. Mama Siwema aliandika kwamba naye ni mwenye timu, na anaidai.

Hilo hakuna aliyelitegemea.

Ligi ikaizuia Upepo kucheza. Ilikuwa imebaki mechi ya nusu fainali ya Jumamosi, na ikasema: mpaka Ijumaa ajulikane mwenye timu mmoja, au timu iondolewe na nafasi yake apewe mwingine. Ikamtuma msuluhishi, jaji mstaafu aliyeitwa Mama Komba. Jaji akasoma barua tatu, akasoma ule ukurasa wa katiba mara mbili, akavua miwani.

"Nahodha ni nani?" akauliza.

Hivyo ndivyo Eliwaza, ambaye hakuwahi kumiliki chochote zaidi ya viatu na redio, alivyopewa siku nne za kuamua timu ni ya nani. Wachezaji wenzake waliendelea na mazoezi. Walikimbia, wakapeana pasi, wakarusha, na hakuna aliyejua anamfanyia nani mazoezi. Mchezaji mdogo kuliko wote, Havijawa wa Mgori, mwenye miaka kumi na tisa na mkono ambao haukujua kukosa, alimuuliza Eliwaza kama watacheza Jumamosi. Eliwaza akamwambia watacheza.

Jumatatu alikuja Mzee Kiula. Alikuja kwa bodaboda, magongo yake yamefungwa nyuma, na ilichukua muda kumshusha. Eliwaza alimpa kiti, akamwamkia. Mzee alizungumza kwanza juu ya malori yake, akataja kila moja na msimu lililouzwa, kama mtu anayetaja watoto wake. Halafu akasema, "Mwanangu, sijaja kukubembeleza. Nikifa, na sitakawia, hakuna wa kuibeba timu hii. Kule Dar mtakuwa na daktari, mtakuwa na paa, mtakuwa na mshahara. Singida itaumia, najua. Lakini timu iliyo hai ugenini nitaisikia redioni. Iliyokufa nyumbani itabidi niizike, na mimi nguvu za kuzika tena sina."

Alipolitamka neno lile, "tena", wote wawili waliangalia chini.

Eliwaza alimsikiliza, akaona ni kweli.

Jumanne alikuja Mwalimu Zebida. Hakukaa. Alizungukazunguka chumbani kama anavyozunguka pembeni ya uwanja timu ikizidiwa. Alimkumbusha Eliwaza siku ya togwa, na baba yake, na yule mwanamume aliyekuwa amempelekea posa, ambaye sasa alikuwa na wake wanne. Akasema, "Wasichana hawa si magunia ya alizeti, yanunuliwe hapa yakashushwe Dar. Upepo ikiondoka, msichana wa Ikungi atamwona nani ajue kwamba urefu wake si aibu? Kiula ana watoto, ana jina, ana nyumba. Mimi sikuolewa, sikuzaa, pensheni niliiacha. Ukimpa Kiula, atakuwa ameniuza na mimi."

Eliwaza alimsikiliza, akaona ni kweli.

Jumatano alimsubiri Mama Siwema. Alifagia chumba, akachemsha chai, chai ikapoa. Mama hakuja. Alhamisi asubuhi pia hakuja. Ikambidi Eliwaza aende mwenyewe, kwa njia ile ile aliyopita siku ya homa.

Alimkuta uwanjani na ufagio. Alimwamkia, akaitikiwa. Akachukua ufagio wa pili uliokuwa umeegemezwa ukutani, wakafagia pamoja, mama upande huu, yeye upande ule, mpaka wakakutana katikati. Kisha mama akaleta ugali wa mtama na mlenda, wakala wameketi kwenye ngazi za nyumba zinazotazama uwanja.

"Mama," Eliwaza akasema, "na wewe unaitaka timu kweli?"

"Naitaka."

"Kwa nini, mama?"

"Nilichokitoa mimi hakuna mwingine aliyekitoa."

Eliwaza alimsikiliza, akaona ni kweli. Na hapa, wasikilizaji wangu, lishikeni jambo moja: hakuuliza la pili. Hakuuliza, ukipewa utaifanya nini? Swali lilimfika mdomoni akalimeza, kwa sababu aliogopa mazungumzo yakiendelea yatafika mlangoni, penye ile ahadi. Alinawa mikono, akashukuru, akaondoka.

Njiani alipanga mambo kichwani. Akimpa Mzee, timu itakwenda mbali na Mwalimu atakufa kwa uchungu. Akimpa Mwalimu, timu itabaki lakini Mzee atakuwa amefilisika bure, akifa bila hata shukrani. Akimpa Mama Siwema, basi uwanja upo, Mwalimu ataendelea kufundisha, Mzee atapumzika bila kushindwa na mpinzani wake, na mji wote utasema haki imetendeka. Wafadhili hawakosekani kwa timu ya mama aliyefiwa. Aliupanga mpango huo vizuri, na ulikuwa mpango wa busara. Lakini chini ya busara hiyo palikuwa na kitu kingine, naye alikijua: tangu siku ya jeneza alikuwa anatafuta kitu cha kumtia mama yule mikononi.

Ijumaa saa nne walikutana kwenye ukumbi wa parokia. Wachezaji walikaa mstari mmoja, wamevaa jezi, miguu yao mirefu imegusana na viti vya mbele. Mzee Kiula alikaa kushoto, Mwalimu Zebida kulia, Mama Siwema katikati, amejifunga kitenge cha kwendea kanisani. Jaji Komba alisoma ukurasa wa katiba kwa sauti. Kisha akamuuliza kila mmoja kama ataridhika na neno la nahodha, lolote litakalokuwa. Mzee alisema ataridhika. Mwalimu alisema ataridhika. Mama Siwema alitikisa kichwa kukubali.

Eliwaza akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuwashukuru wote watatu, lakini alipomwona mama anamtazama aliyasahau yote.

"Upepo ni ya Mama Siwema," akasema.

Wachezaji walipiga makofi. Wengine walilia kwa furaha, kwa kuwa walimpenda Siwema, na kwa kuwa walijua hawatahama. Mwalimu Zebida alivuta pumzi ndefu, akafunika uso kwa viganja. Hakupata timu, lakini timu imebaki. Mzee Kiula aliinamisha kichwa juu ya magongo yake, na baada ya muda akanyoosha mkono kumpongeza mama.

Mama Siwema hakuupokea mkono. Alikuwa anamtazama jaji. Jaji alimsogezea karatasi, akamwonyesha mahali, naye akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi.

"Sasa ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, mama."

"Naweza kuifanya nitakavyo?"

"Kwa sheria, ndiyo."

"Basi naifunga," Mama Siwema akasema. "Leo."

Upepo ulisikika kwenye mabati.

Mwalimu Zebida ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata sauti. Alimwambia hawezi, kwamba wasichana hawa hawana kosa, kwamba yeye mwenyewe ameufagia uwanja ule miaka miwili. Mama Siwema alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Nilikuwa nafagia mahali mwanangu alipokanyaga mara ya mwisho akiwa mzima," alisema. "Ukumbi huu wote mlidhani nafagia kwa ajili yenu. Dirisha langu linatazama uwanja. Miaka miwili nasikia mpira unadunda, na kila ukidunda nadhani ni yeye amerudi, nakwenda kuchungulia. Kila siku nachungulia. Kiwanja nilikitoa kwa neno langu, na neno langu silirudishi, ndiyo maana sikufunga lango. Nikangoja. Sasa mmeniambia ni yangu."

Akageuka kwa Mzee Kiula. "Basi lilikuwa lako." Akageuka kwa Mwalimu. "Mechi ilikuwa yako." Akamtazama Eliwaza, na Eliwaza akajua kwamba lile neno alilolingoja miaka miwili limefika. "Na wewe ndiye uliyekuja kumchukua. Nimewasamehe. Wote watatu nimewasamehe, tena zamani. Mchezo ndio sijausamehe."

Alikunja nakala yake ya karatasi, akaiweka kwenye pochi, akatoka.

Jaji Komba alijaribu. Alimfuata mama nyumbani, akakaa naye saa mbili, akatoka macho mekundu. Aliandika kwenye ripoti yake kwamba mwenye timu amepatikana kihalali na mwenye timu hataki timu. Jumamosi nafasi ya Upepo ilipewa timu nyingine. Kampuni ya Dar ilipoona hakuna nafasi kwenye ligi iliacha kupiga simu.

Wiki iliyofuata fundi wa kuchomelea alikuja akazikata nguzo mbili za ringi. Mama Siwema alizitoa sadaka kwa parokia, zikatumika kwenye paa la jiko.

Wachezaji walitawanyika. Wawili walipata timu Mwanza. Mmoja alikwenda Kenya. Wengine walirudi walikotoka, na huko walikotoka hawakuwa wakisubiriwa na mpira. Havijawa aliolewa kabla mavuno ya mtama hayajaisha, na mtu aliyemzidi miaka ishirini na mitatu. Eliwaza alihudhuria harusi. Bibi harusi alikuwa ameinama kwenye kiti ili asionekane mrefu kuliko mume, na walipokumbatiana alimuuliza sikioni, bila lawama, kwa nini alimwambia watacheza.

Mzee Kiula alifariki mvua za Januari. Kabla ya hapo alimwita Eliwaza, akamshika mkono muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba angepewa yeye, wasichana wangekuwa wanacheza mpaka leo, hata kama ni mbali, hata kama ni kwa jina lingine. Hakusema kwa ubaya. Alisema kisha akafumba macho, akabaki amemshika mkono.

Mwalimu Zebida alihamia Manyoni, akapata kazi kwenye shule ya binafsi, akifundisha jiografia. Walikutana kwenye mazishi ya mzee. Eliwaza alimwamkia, na mwalimu hakuitikia. Alimwangalia kifuani, mahali ambapo jezi huwa na namba.

"Wewe ulikuwa na deni, Eliwaza," alimwambia. "Ukalilipa kwa mali ya watu."

Akaenda zake, na mpaka ninaposimulia hawajaonana tena.

Na Mama Siwema? Mama Siwema analala. Majirani wanasema alikuwa amekonda mpaka kitenge kinamzunguka mara tatu, na sasa amenawiri. Amepanda alizeti pembeni ya uwanja, katikati ameacha kama palivyo, na hafagii tena, mchanga umejaa. Kila Jumapili baada ya misa Eliwaza hupita kwake. Anamchotea maji, anampasulia kuni, wanakula. Hakuna aliyemwagiza aende, na hajui mwenyewe kama anakwenda kwa mapenzi au kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Jumapili moja, sahani iko katikati yao, mama alimuuliza, "Unanichukia?"

Eliwaza alifikiri, kwa kuwa mama yule alistahili jibu la kweli.

"Sijui, mama."

"Haya," mama akasema. "Kula."

Basi hiyo ndiyo habari, nami nimeisimulia kama nilivyoipata. Kila ninapoisimulia watu hugombana. Wako wanaosema ilikuwa ya Kiula, kwa sababu yeye peke yake alikuwa radhi kuipoteza ili iendelee kuishi. Wako wanaosema ilikuwa ya Zebida, kwani kinu hakifundishi mtu kurusha mpira, na kiwanja hakibembelezi baba wa mtu mpaka jua lishuke. Akina mama wengi, nimeona, husema ilikuwa ya Mama Siwema, na kwamba mwenye mali akiizika mali yake, apewe jembe. Na safari moja, kule Kiomboi, msichana mrefu aliyekuwa amekaa nyuma alisimama akasema kwamba katika hesabu zenu zote mmewasahau waliokuwa wanakimbia. Akaketi.

Wengine hawaulizi hata timu ilikuwa ya nani. Wanauliza juu ya Eliwaza: je, alitenda haki, au alinunua msamaha? Na wengine huwajibu, na kama haki na msamaha vilikuwa njia moja siku ile, alaumiwe kwa kuipita?

Mimi sijui. Semeni nyinyi. Umesimama kwenye ukumbi wa parokia saa nne ya Ijumaa, mzee ameegemea magongo yake, mwalimu amefumbata viganja, mama aliyefiwa anakutazama, wenzako wamekaa mstari mmoja na jezi zao, na jaji ameshika kalamu anangoja jina moja tu. Je, nani alistahili?